Kidude Kilichopotelea Nyasini

Kaka yangu aliporudi nyumbani Muleba kufa, alikuja na kompyuta. Wengine waliorudi na ugonjwa ule miaka ile walikuja na godoro na sufuria. Yeye alishuka kwenye pikapu amelikumbatia lile boksi kama kitu cha wizi, na mama akauliza kama ni redio.

Mke wake alikuwa amemtangulia kaburini. Binti yao wa miaka tisa nilikaa naye mimi mjini Bukoba, kwenye chumba changu cha kupanga Bilele, na kilichomnyima kaka usingizi ni nani atamchukua moja kwa moja. Kwetu, matanga yakiisha, ukoo hukaa kugawa migomba, nguo na watoto, kwa utaratibu huohuo. Mimi alikuwa amenifuta mapema.

"Wewe huna hata sufuria mbili," alisema. "Na ukiolewa, mumeo atamfanya mwanangu yaya."

Basi alikuwa anaandika orodha ya ndugu wote, mmoja mmoja, ili siku hiyo binti aisome na kusema mwenyewe anakotaka kwenda. Kalamu ilishamshinda kwa sababu vidole vilikufa ganzi. Nilipojitolea kumwandikia alikataa, akasema nitatia chumvi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu hata kwa viwango vyetu. Ukibonyeza herufi, ungetafuna punje nzima ya akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kabla haijatokea kwenye kioo. Halafu iliganda na kumeza ukurasa wote. Shangazi yetu wa Maruku aliandikwa mara nne, na kila mara alitoka mbaya zaidi.

Ofisini nilikopiga chapa kulikuwa na mashine ya kisasa iliyoanguka na kupasuka kioo, na bosi alishaitangaza marehemu. Nilimwomba bodi yake kubwa ya ndani, mazabodi, pamoja na prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe. Nikavifunga kwenye kitenge, nikapanda basi. Sikuwahi kufungua kompyuta maishani mwangu, lakini nilishawahi kufungua cherehani.

Umeme tuliazima kwa jirani aliyekuwa akinunua samaki kisiwani Goziba na kumiliki jenereta; waya ulipita migombani hadi dirishani. Mtu mwenye akili angeifanya kazi ile mezani. Meza ilijaa ndizi walizoleta wageni, kwa hiyo nilikaa sakafuni, na sakafu ya mama, kama ya nyumba yoyote ya Kihaya iliyojiheshimu, ilitandikwa nyasi kavu.

Wageni walikuwa tele. Walikuja kila siku kumwona mgonjwa, wakakaa mbali na kitanda, wakamtazama na kuguna "waitu" ya kusikitika. Kikombe chake hakuna aliyekigusa. Nilikuwa nawachukia, na mpaka leo baadhi yao sijawasamehe. Baba yetu mdogo hata kuingia hakuingia. Huyu alivuka mto Kagera na bunduki wakati wa vita, na kila Krismasi tulisimuliwa jinsi asivyoogopa kitu. Sasa alikaa kizingitini, tako moja ndani, tako moja nje. Kwenye orodha alipewa maneno machache: "Babu yako mdogo: mwoga. Usipoteze nauli."

Nilitoa bodi ya zamani, nikafunga mpya, huku kaka akiniongoza kwa matusi kutoka kitandani. Plagi mbili za umeme zikae nyaya nyeusi katikati, la sivyo tunaunguza kila kitu. Sawa. Kikabaki kidude kimoja cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama, kilichochomoka njiani kwenye basi. Ndicho kinachoiambia bodi prosesa iende kasi gani, na bila hicho mashine ile isingewaka. Vidole vilikuwa na jasho. Kiliniponyoka, kikaruka, kikatumbukia nyasini.

Kaka akaunguruma kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwaka uliopita.

"Wote chini! Mmekuja kutazama, haya, tazameni kitu cha maana!"

Wakapiga magoti. Wazee wa kanisa, majirani, mama akisali na kunigombeza kwa pumzi moja, wote wakachambua nyasi unyasi kwa unyasi. Lakini walizunguka pembeni tu. Chini ya kitanda, lilipokaa beseni lake la kutapikia, hakuna aliyefika.

Baba mdogo akavua viatu. Akaingia kwa mikono na magoti, akapita katikati yao, akazama uvunguni mpaka zikabaki nyayo tu. Alipotoka alikuwa na nyasi kwenye nywele na kile kidude mkononi. Angeweza kunipa mimi, nilikuwa karibu. Akakiweka kiganjani mwa kaka, akavikunja vile vidole vilivyokufa kwa mikono yake miwili, asiviachie.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu."

"Tumeona," kaka akajibu.

Mashine iliwaka. Herufi zilitokea kabla hujanyanyua kidole, na kaka akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Orodha aliimaliza wiki ileile. Mwezi uliofuata tulimzika migombani.

Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa sebuleni kwa mama. Nilimpa binti karatasi niliyoichapa ofisini kutoka kwenye disketi ya kaka. Jina langu halikufutwa kabisa: "Shangazi yako: mpende, ila asishike bisibisi." Niliposoma hilo nilimwonea wivu atakayempata mtoto, nikalia, na sioni aibu kusema. Mtoto alisoma taratibu, akifuata kwa kidole, hadi mstari wa mwisho. "Babu yako mdogo: mwoga. Nenda kwake."

Akaikunja karatasi, akavuka nyasi, akaenda kukaa ubavuni mwa baba mdogo.