Motokari Mbili za Papa Kabwe

Nakumbuka siku ile vibaya, mwanangu. Mpaka leo sijui kama niliwasha motokari mara tatu au mara nne kabla ya kutoka Kalemie.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati kila muntu aliitwa sitwayen, yaani raia. Nilikuwa shofere wa Papa Kabwe, mufanyabiashara wa samaki wakavu, na nilijiona najua kila kitu. Papa Kabwe alikuwa na motokari mbili. Moja ilibaki tangu wakati wa Wabelgiji: nyeusi, nzito, ya kuwashwa kwa kuzungusha chuma cha manivela mbele, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kirefu kama kitanda. Ya pili ilikuwa mpya, nyeupe, ilikuja kwa meli kutoka Kigoma. Hiyo ilikuwa na mbio, lakini ndogo, milango miwili, kila muntu na kiti chake. Siku hizo Papa Kabwe alikuwa safarini Kongolo, na aliniachia zote. "Ukipata shida, tumia yoyote."

Asubuhi akafika muntu na baiskeli kutoka kwetu, upande wa Niemba.

"Mama yako ameanguka shambani. Njoo na motokari."

Fundi wetu akasema, chukua nyeupe, utafika upesi. Jirani, Mama Feza, akasema, chukua nyeusi, hiyo njo inajua matope. Nikatoka na nyeupe. Nilipofika kwenye reli nikafikiria matope, nikarudi. Nikazungusha manivela ya nyeusi, ikanguruma. Nikafikiria mwendo wake wa polepole, nikaizima. Kichwa kilinizunguka. Wakati huo wote yule wa baiskeli alikuwa amekaa pale pale kwenye ngazi, anakunywa maji, ananiangalia. Sikumuuliza kitu.

Mwishowe nikaenda na nyeupe. Matope hayakuwa mengi, hata nikajisifu njiani. Kumbe Mama alikuwa amevunjika paja. Watu wa kijiji walikuwa wamemufunga muguu kwa miti, umenyooka, haukunjiki. Tukajaribu kumuingiza mbele, tukajaribu nyuma. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukamurudisha kwenye mukeka.

"Mbona umechelewa?" akaniuliza.

"Mama, nilishindwa kuchagua motokari."

Akafunga macho. "Na haukuuliza nimeumia wapi?"

Nikarudi Kalemie kuchukua nyeusi; hiyo njo ilimufikisha hospitali, kesho yake, amelala kwenye kile kiti kirefu. Alipona, lakini muguu ulibaki mufupi, na hakulima tena mulimani. Daktari alisema labda hata kama tungewahi muguu ungekuwa vile vile, labda hapana. Sijui. Watu wananiuliza motokari gani ilikuwa bora, na mimi niliyeziendesha zote mbili nawauliza: bora kwa kumubeba nani?.

Lakini wewe, mwanangu, muntu akikuita katika shida, usianze kupima vyombo vyako. Uliza kwanza habari zake: anaumwa wapi, anaweza kukaa ao anapaswa kulala. Ukishajua, shika njia, usirudi nyuma. Mungu akupe moyo uliotulia, na kila muntu utakayemubeba amufikishe salama kwa mikono yako.