Majina Ishirini Bila Kuruka

Kati ya Masasi na Newala hakuna msiba mkubwa uliofanyika bila viti vyangu. Sisemi hivi kwa majivuno, ingawa hata kwa majivuno ningesema. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na baiskeli ya kuuza maji Newala, enzi zile ndoo inapandishwa kutoka bondeni kwa jasho la mtu, na leo nina maturubai, nina spika, na nina sauti. Nikitangaza utaratibu wa maziko, hata mlevi anavua kofia.

Ndiyo maana mwalimu wa historia wa sekondari moja hapa Masasi mjini alinifuata stoo, mwezi wa kwanza, mvua imekolea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Harusi lini?"

"Si harusi, baba. Ni kumbukumbu."

Akanieleza. Kuna siku moja ya Januari ambayo serikali za dunia huwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi kule Ulaya. Watu milioni sita. Wazee, wajawazito, watoto wa mgongoni, na kosa lao ni kuzaliwa Wayahudi. Mimi Wayahudi nilikuwa nawajua wa kanisani tu, wa kwenye masomo ya Jumapili. Sikujua kwamba hawa waliuawa wakati bibi yangu tayari ni msichana anayetwanga.

"Atakuja mgeni rasmi kutoka wilayani," alisema. "Tunaomba viti na spika. Na tunaomba wewe utaje majina ya watoto ishirini waliokufa kule. Sauti yako watu wanaijua."

Akanipa karatasi. Kusoma nasoma, lakini kusoma kwangu ni kwa kupapasa, na majina yale herufi zilikuwa zimebanana kama korosho kwenye gunia. Mtu mwingine angekataa. Mimi nikasema, "Hapo umefika penyewe."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua mlangoni kwangu alisikia yote. "Bosi," akasema, "hayo si ya Wazungu kwa Wazungu? Sisi yanatuhusu nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, akanijia bibi.

Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita ya Mreno, akaja kuishi Newala. Watu wa kijiji chake waliuawa asubuhi moja. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto wa ukoo, likaendelea kuitwa ili marehemu aje ale. Wale hawakuacha wa kuitwa majina yao. Basi bibi akawabeba mwenyewe. Kila mwaka kabla ya kupanda alichuchumaa kizingitini na sahani ya unga wa mtama, akawataja mmoja mmoja, na kila mmoja na lake: yule mwenye pengo, yule aliyechelewa kutembea, yule mwizi wa mabibo. Jikoni ming'oko, ile mizizi ya porini, inachemka, harufu imejaa ua mzima, na hakuna anayekula mpaka majina yaishe. Akiruka mmoja, anarudi mwanzo. "Aliyerukwa anabaki nje," alikuwa akisema, "anawasikia wenzake ndani."

Nilikuwa nachukia kwa njaa. Leo ningetoa maturubai yangu yote nimsikie akikosea tena.

Kwa hiyo sikuogopa mgeni rasmi. Niliogopa kuruka mtoto.

"Baba watoto, mwambie tu mwalimu huwezi," mke wangu alisema.

"Mimi? Nisiweze?"

"Haya. Chukua viti."

Tulipanga viti ishirini stoo. Yeye anasoma, mimi nalikalisha jina. Karatasi ilikuwa na umri, mji, na kazi ya wazazi, nikaona njia ya bibi imo humohumo. Kiti cha kwanza, msichana wa miaka tisa, baba yake fundi viatu. Cha saba na cha nane, mapacha. Cha kumi na moja, mvulana wa miaka minne, mama yake anauza mikate. Ndimi zao zilinishinda siku ya kwanza, mke wangu akacheka mpaka akakaa juu ya pacha mmoja, akaruka kama kakalia kaa la moto, akaomba radhi. Siku ya tatu nilipita kwenye viti vile nimefumba macho, nawataja wote.

Siku yenyewe niliweka viti vyangu vya vitambaa vyeupe, vile vya harusi za wakubwa. Mgeni rasmi alihutubia vizuri, wanafunzi wakasimama kimya, kisha nikapewa kipaza sauti. Karatasi niliacha mfukoni. Niliwataja kwa sauti ile ya maziko, navikunja vidole vya mkono mmoja chini ya meza, mizunguko minne. Nilipomaliza, mshereheshaji akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, na mimi kidole kimoja bado kimesimama.

Mtoto wa mama wa mikate.

Hakuna ambaye angejua. Mwalimu alijua. Alikuwa na karatasi yake mapajani, akainamisha uso ili asiniaibishe. Mshereheshaji alininong'oneza, "Mzee, ratiba."

"Samahani, mheshimiwa," nikasema kwenye spika. "Nimemruka mtoto. Naanza upya."

Watu wakatazamana. Halafu mama mmoja mzee, mzazi wa nyuma kabisa, akasema taratibu, "Anza, mwanangu." Akatoka kwenye kiti, akatandika kanga, akakaa chini kama tunavyokaa matangani. Wa pembeni yake naye akashuka. Nilipofika kwa mapacha, safu nzima ya kina mama ilikuwa chini, na vitambaa vyangu vyeupe vimebaki peke yake. Sikuona vibaya. Mara hiyo nilifika ishirini, na mgeni rasmi alikuwa amevua kofia.

Jioni mke wangu alileta daftari. "Sasa wale wa bibi," akasema. "Taja, niandike."

Niliwataja tisa bila kusita. Wa kumi ni yule mwizi wa mabibo. Mabibo niliyaona, hata juisi kifuani mwake niliiona kama bibi alivyoisimulia. Jina halikuja.

Asubuhi niliwasha pikipiki, nikapanda Newala kwa mama mkubwa, dada yake mama, ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ya bibi. Nilimkuta anachambua mbegu. Nikamsalimu, nikamweleza nilipokwamia, nikamwomba anipe la kumi tu, maana niko njiani, nina kazi nyingi.

"La kumi tu?" Akanitazama kama anayemtazama mtoto mwenye njaa. "Ingia ndani uchote unga. Halafu anza mwanzo."