Mto wa Mama Sneha

Boti ya Paresh ilikaa uani kwake Elerai, juu ya trela, imefunikwa turubai la bluu, na majirani walikuwa wameshapaita mahali pale bandari kavu. Mtu akielekeza mgeni alisema pita bandari kavu, kisha kata kulia. Mama wa genge alimuuliza kama gharika imekaribia, maana kama ni hivyo yeye aanue unga wake mapema. Paresh alicheka nao. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya mkono mmoja, na tangu ujana wake alikuwa ameuza na kutengeneza pampu za maji mjini Arusha kama baba yake kabla yake. Boti aliinunua kuukuu, akaziba matundu, akafufua injini yake mwenyewe kwa mikono yake. Kilichobaki ni kupata maji ya kuiwekea.

Maji yenyewe yalikuwa ya mke wake, Bhavna.

Bhavna alizaliwa Mwanza. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa na boti ndogo ya injini, na binti alijua kuiendesha kabla hajajua kusukuma chapati ikatoka duara. Wazee walipowakutanisha kwa ajili ya posa, alimuuliza yule kijana wa Arusha swali moja tu: kwenu kuna maji? Paresh, kwa hofu ya kumkosa, akasema yapo, mto unapita nyuma ya nyumba. Wala hakudanganya, mto ulipita. Ila bibi harusi alipofika na kuoneshwa, aliuvuka kwa kandambili na kifundo cha mguu hakikulowa. Akakaa kwenye jiwe akacheka mpaka mama mkwe akatoka nje kuuliza kuna nini.

Utani ule walizeeka nao, binti yao Sneha akakua nao mpaka akahamia Kanada. Nyumbani wao husema Kigujarati, lakini utani huu haukubali Kigujarati, kwa hiyo waliutania kwa Kiswahili, hasa tangu moyo wa Bhavna ulipochoka na daktari kumwambia asilale bapa, alale ameinuliwa. Kila jioni Paresh alimpangia mito mitatu nyuma ya mgongo, akaipigapiga ikae vizuri, na kila jioni Bhavna alimwambia, "Baba Sneha, uliniahidi mto mmoja, umenipa mitatu."

Naye Paresh alicheka, kisha akaenda jikoni akajifanya anatafuta kitu.

Maana daktari alikuwa amesema na mengine. Asisafiri safari ndefu, asikae mbali na hospitali. Mwanza ikawa haiwezekani tena. Paresh alipouliza kuhusu mwakani, daktari alianza kupanga kalamu zake mezani, na Paresh, ambaye amewaambia wateja wengi kwamba pampu yao haitengenezeki, aliijua sura ile. Wiki iliyofuata ndipo aliponunua boti.

Sasa jaribu wewe kutafuta pa kuegesha boti Arusha. Jumapili baada ya Jumapili Paresh aliwasha pikapu akamchukua Bariki, fundi wake wa miaka mingi, Mmeru wa Poli, mtu mzima mwenye wajukuu, wakaenda kutazama maji. Ziwa Duluti ni pazuri mno, lakini Paresh alitazama njia ya kushukia kwenye maji akamwona mkewe akiipanda wakati wa kurudi, akageuza gari. Kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu boti ingejisikia nyumbani, ila ni mbali, na mbali ndiko kulikokatazwa. Mto Usa una mawe mengi kuliko maji. Bariki hakulalamika. Kila walipoondoka mahali alisema tu, "Bado, mzee," kama mtu anayesubiri ugali uive.

Walipapata Nduruma, na walipapata kwa sababu ya pampu. Mzee Elimringi Kaaya alikuwa na nyumba na shamba la mahindi na vitunguu kando ya mto, chini kabisa kwenye tambarare. Kahawa na migomba yake ilikuwa juu mlimani, alikozaliwa. Pampu yake ilikoroma, akaita mafundi. Paresh alienda mwenyewe, akainama kuitazama, na alipoinua kichwa akaona kwamba pale juu ya banio la mfereji, wakulima walipouziba mto ili maji yageukie mashambani, maji yalikuwa yamesimama. Yalikuwa mapana, yametulia, yana kina. Barabara ilifika karibu kabisa na ukingo. Na hospitali ilikuwa njia moja, lami karibu yote.

Akaiacha pampu imefunguliwa akamweleza mzee habari yote, tangu Mwanza mpaka mito mitatu. Elimringi alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Leta boti yako," akasema. "Mama apumue."

Paresh alirudi mjini anaimba. Boti ilishushwa majini siku chache baadaye, na mama wa genge alisimama barabarani akaipungia mkono trela. Lakini wiki ileile Bhavna alivimba miguu akalazwa, na Paresh, badala ya kukaa kwenye benchi la hospitali akihesabu vigae, kila alipofukuzwa wodini alikimbilia Nduruma kumtengenezea mkewe njia. Ukingo ulikuwa na mteremko kidogo. Bhavna angehitaji pa kushika. Akatazama huku na huku, akaona kwenye pembe ya shamba mimea fulani imesimama wima, myembamba, ya kijani, yenye majani marefu kama ya mahindi. Ameiona maisha yake yote kwenye mashamba ya watu na hakuwahi kuiuliza jina. Aliona vigingi vizuri, laini, visivyo na miiba, havitamchoma mkewe mkono. Akakata fungu zima. Akavipigilia safu mbili, kutoka barabarani mpaka majini, akafunga kamba katikati, na kigingi kimoja kinene akakisimamisha ukingoni kabisa kwa ajili ya kufungia boti. Akasimama mbali akatazama kazi yake, akaridhika sana.

Ikanyesha mvua. Bhavna akaruhusiwa kurudi nyumbani, amepungua, lakini macho yake yana uhai. Alipopata nguvu ya kukaa garini, Paresh alitangulia Nduruma asubuhi kukagua injini, akakuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba. Mke wa Elimringi, Maria, alikuwa amesimama upande wa pili na jembe.

"Mzee amesema usipite," akasema, bila hata kumsalimia.

"Shikamoo mama. Nimekosa nini?"

"Marahaba. Amesema usipite."

Paresh aliendesha gari kurudi dukani. Alikuwa ameshamwambia Bhavna kwamba kesho. Alimweleza Bariki, akaeleza na njia aliyotengeneza, jinsi ilivyonyooka, na vile vigingi vya kijani vyenye majani marefu. Bariki akaweka spana chini.

"Mzee. Ulikata masale?"

"Sijui yanaitwaje. Miti ya ua ile."

"Ukayapanda? Safu mbili?"

"Nikayapigilia tu. Lakini mvua imenyesha, mengine yamechipua. Yamependeza."

Bariki alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka kucheka, akaona uso wa bosi wake, akaacha. "Ile si miti ya ua, mzee. Isale ndilo mpaka wetu. Ukipanda safu ya masale umesema kuanzia hapa ni kwangu. Na wewe uliyakata mpakani kwake, ukayapanda katikati ya shamba lake, mpaka kwenye maji. Umempimia mzee wa watu shamba."

Kisha akamweleza lililo baya zaidi, ambalo Meru yote ililijua ila Paresh. Shamba la Elimringi la mlimani lilipungua nusu akiwa kijana. Walikuwa msibani kwa baba yake, siku za matanga, waliporudi wakakuta ndugu wa ukoo ameshapanda masale katikati ya migomba. Kesi haikuisha mpaka leo. Na sasa mzee alikuwa amefungulia mgeni shamba kwa huruma, na mgeni akapanda safu mbili.

Paresh aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo ameuza pampu kwa watu wa mlimani, anajua kina cha kila kisima chao, na hakujua mimea inayosimama pembeni mwa kila shamba inasema nini. "Nitampelekea pampu mpya," akasema. "Kubwa. Na blanketi, na sukari."

"Ukienda na pampu utaonekana unanunua," Bariki akasema. "Nenda na isale. Mtu akikukosea akaja na jani la isale mkononi, kwetu humkatai, hata kama ameua. Lakini usilikate kwake tena, tafadhali. Nitakuletea la kwa mama yangu."

Jioni ile Paresh alipanga mito mitatu na kumwambia mkewe ukweli wote. Hakujua angeanzia wapi, akaanzia kwenye miiba. Bhavna alicheka mpaka akakosa pumzi, akamshika mkono asiogope, pumzi ikarudi.

"Twende wote," akasema.

"Utachoka."

"Baba Sneha, uliyapanda kwa ajili yangu. Kosa ni langu pia."

Wakaenda. Paresh aliendesha polepole kama amebeba mayai, na Bhavna alishikilia lile jani la isale mapajani, amevaa sari ya kijani aliyoitoa kabatini kwa shughuli hii. Bariki aliwatangulia kwa pikipiki akaomba wapokelewe nyumbani, si shambani. Walimkuta Elimringi amekaa kibarazani. Hakusimama. Paresh alikuwa ameandaa maneno njia nzima, yakapotea yote.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mimi nilidhani ni vijiti."

Maria aligeuka upande, mabega yakimtikisika. Ndipo Bhavna aliposhuka garini mwenyewe. Alitembea hatua mbili akapumzika, akatembea tena, akapumzika, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa jinsi alivyokuwa amekaza uso. Alipofika mbele ya mzee akampa jani kwa mikono miwili.

"Mume wangu alitaka nipate pa kushika," akasema. "Tusamehe, baba."

Elimringi alilitazama lile jani, akamtazama mama wa watu anavyohema. Akalipokea, akasimama, akampa kiti chake.

"Nilijua hakujua," akasema. "Nilijua kabisa. Lakini niliamka asubuhi, nikaona masale yamesimama, na moyo ukakimbilia kule kwa baba. Nami mnisamehe." Kisha akamgeukia Paresh. "Vijiti," akasema, na sasa alikuwa anacheka.

Walinywa chai ya maziwa, wakashuka wote mtoni. Miiba ilikuwa imeshaondolewa. Paresh alikunja mikono ya shati ili ang'oe safu zake, mzee akamzuia. Alitaka ang'oe mwenyewe, na ilieleweka. Akayang'oa moja moja, taratibu, akayalaza kando ili yarudishwe mpakani. Alipofika kwenye lile nene la ukingoni, lililofungiwa boti, akalishika, akalitikisa. Lilikuwa limeshika mizizi, limetoa majani mapya mawili. Akaliacha.

"Hili libaki," akasema. "Huu ni mpaka wa mama. Huku nyuma ni kwangu. Kuanzia hapa kwenda majini ni kwake."

Paresh akaingia majini na viatu vyake, akaishika boti. Bila safu za kushika, Bhavna alishuka mteremko ule ameshika mkono wa Maria upande mmoja na wa Bariki upande mwingine, akaingia kwenye boti, akakaa nyuma kwenye usukani kama aliyeondoka pale jana tu. Paresh alimwekea mto mgongoni, mmoja, ndio uliotosha kiti. Injini ikakubali mara ya kwanza. Elimringi aliyekuwa ukingoni akavua kofia.

Walikwenda juu mpaka maji yalipoanza kuwa membamba, wakageuza, wakarudi, wakaenda tena. Meru ulikuwa umetoka mawinguni. Bhavna aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameuning'iniza nje, vidole vinakata maji. Uso wake ulikuwa wa binti wa duka la vitambaa, na Paresh alimtazama, akalia waziwazi wala hakujificha, maana hapakuwa na jikoni ya kukimbilia. Katikati ya yale maji Bhavna akazima injini. Wakaelea.

"Baba Sneha."

"Naam."

"Nikiondoka, Sneha atatoka Kanada atakuambia majivu yapelekwe mbali. Atataja India, atataja bahari. Mwambie mama alikataa. Nilete hapa. Ng'ambo ya isale ni kwangu, mzee amesema mbele ya watu."

Alilisema bila huzuni, kwa Kiswahili, wakati mambo mazito walizoea kuyasema kwa lugha ya nyumbani. Paresh alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na maji vilevile.

"Hapa ni karibu," akasema. "Nitakuja kila Jumapili."

"Najua," akasema Bhavna. Akauvuta ule mto nyuma ya mgongo wake, akamrushia mapajani. "Shika wako. Wangu nimeupata."