Mama Alisema Karata

Kompyuta ya kaka yangu ilikuwa ya mtumba. Aliinunua Sirari kabla figo hazijamshinda, na kwenye kibodi herufi mbili zilikuwa zimeng'oka. Alipozidiwa aliacha kazi yake ya kutengeneza simu Nyamongo, akarudi kwa mama, Nyamwaga. Mimi nafundisha Morotonga, upande wa Serengeti. Shule zilipofungwa nikaja kukaa naye, na kwa kuwa hakuweza kutoka, tukawa tunacheza.

Mchezo wenyewe aliupata kwenye flashi ya mteja. Ni mchezo wa kadi, lakini badala ya mfalme na malkia, kila kadi ina mhusika wa katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wanaziita anime: macho makubwa kama visahani, nywele za bluu, wengine wana mabawa, wengine mikia ya mbweha. Unamtuma wako, mwenzako anamtuma wake, wanapigana, anayeshindwa anatoka. Mwanamke mmoja mwenye pembe, na upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, tulimwita Shangazi, maana akiingia hakuna anayebaki salama. Nilimwambia kaka kwamba mtu mzima kushabikia katuni ni aibu. Akanijibu kwamba aibu ni mwalimu kufungwa na mgonjwa. Mdomo wake haukuugua hata siku moja.

Na hakukubali niseme kadi. "Kadi ni za kliniki na michango ya harusi," alikuwa anasema. "Hizi ni karata." Basi nyumba nzima ikasema karata. Mama akipita na uji anauliza, "Bado mko kwenye karata zenu?" Nilikuwa naona uso wake unalegea kidogo, kwa sababu mtoto anayecheza bado yupo.

Alifariki asubuhi, mama akiwa anakamua ng'ombe. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa uani kugawa vitu vyake. Havikuwa vingi: koti, mabuti, redio na ile kompyuta. Hakuacha mke wala mtoto. Baba mkubwa, ambaye pia ni mzee wa kanisa, ndiye aliyeongoza kikao. Aliinua kompyuta akauliza marehemu alikuwa anaifanyia nini miezi yote ile ya kulala. Swali halikuwa na ubaya. Mama akajibu haraka, tena kwa fahari, akitaka wajue kwamba mwanawe hakufa mpweke.

"Alikuwa anacheza karata na dada yake."

Kanisani kwetu karata ni kamari, na kamari iko kapu moja na pombe. Kila aliyekaa pale alimjua kijana fulani aliyeuza ng'ombe wa baba yake akazimalizia pesa kwenye karata huko machimboni.

"Kumbe ndiyo maana hakuoa," mzee mmoja akasema.

Niliwaka. Nilisimama nikasema ni mchezo tu wa kompyuta, hatukuwekeana hata senti. Nikaona wananitazama kama mwanafunzi anayejitetea, basi nikaiwasha niwaonyeshe. Wa kwanza kutokea alikuwa Shangazi, na pembe zake na macho mekundu.

"Mwalimu, hilo ni pepo," baba mkubwa akasema, akivuta kiti nyuma. "Funga."

Niliwachukia wazee wale, na mpaka leo sijamaliza kuwachukia. Nikiwaamkia shikamoo naisema kwa meno.

Kompyuta alipewa binamu yetu aliyevuka mpaka kutoka Isebania kuja msibani, kwa sharti kwamba aisafishe kwanza. "Usijali mzee, hizo ma-game zote nitafuta leo leo," alisema. Nilimvuta pembeni nikamwomba aniachie nihamishe ule mchezo. Ndani yake kulikuwa na karata zote alizokusanya kaka, na pambano letu la mwisho, ambalo tuliliacha katikati kwa sababu alichoka.

"Dada, wazee wamesema," akanijibu. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa laana tu. Alikaa kizingitini akafuta kila kitu, na haikuchukua muda wa kumenya mkungu wa ndizi.

Nilidhani hasara ni yangu peke yangu. Sikumtazama mama vizuri. Alianza kwenda kisimani baada ya wenzake kurudi, na Jumamosi, siku yetu ya ibada, kanisani akahamia benchi la nyuma, yeye ambaye miaka yote alikaa mbele na kitabu cha nyimbo mkononi. Nilizungumza naye, nikamweleza, akawa anaitikia tu.

Siku moja kabla sijarudi Morotonga tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akauliza bila kuniangalia:

"Aliyekufa na karata, anapokelewa?"

"Mama, haikuwa kamari. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuona kila siku."

"Niliwaona mnacheka," akasema. Mikono yake ilisimama juu ya gunzi. "Nilikuwa naenda jikoni napiga magoti, namshukuru Mungu kwa kicheko kile. Sasa sijui nilikuwa nashukuru nini."