Kasoro Hatujaiona

"Asalaam aleikum. Sisi huku Mtwara hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Programu yenu tumeipokea na ni nzuri mno. Kasoro hatujaiona. Mwenyezi Mungu awazidishie."

Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kasoro iliyotoka kwenye kikundi chetu. Na mtu aliyeiandika, wallahi, nilimwona kwa macho yangu asubuhi ile ile akiizaba kompyuta kofi la ubavuni, kwa sababu programu hiyo hiyo imemchapia nusu ya karatasi na nusu imeiacha nyeupe. Nilipomuuliza mbona hakuandika habari ya karatasi, alinitazama kana kwamba nimemtukania wazazi. "Mtu kakupa kitu bure," akasema, "halafu umwandikie kwamba kibovu? Wewe ulilelewa wapi?" Nililelewa Mtawanya, mtaa mmoja na yeye, na alikuwa anajua.

Huyo alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa Chikongola, nyuma ya soko, na ndimo tulimokutana kila Jumamosi, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikuwa wapenzi wa programu huria, yaani zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani. Unapewa bure, na ukiona penye ubovu unaruhusiwa kusema, hata kurekebisha ukiweza. Sehemu hiyo ya kusema ndiyo iliyotaka kunitoa roho.

Ya kwetu ilikuwa programu ya kuandikia barua, na utamu wake ni kwamba menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. CD yake ilikuja na basi lililokwama kwenye tope la Rufiji mpaka abiria wakaanza kupika njiani. Sisi wengine tuliifurahia kama watu wanavyofurahia kitu kipya. Aliyeihitaji hasa ni mama mdogo wangu.

Mama mdogo alikuwa mpiga taipu wa ofisi moja pale mjini, akapunguzwa kazini miaka ya tisini. Kiingereza hakijui na hajifanyi kukijua. Kompyuta za menyu za Kiingereza alizijaribu kwa watu akatoka kichwa kinamuuma, lakini hii ya Kiswahili aliishika kwa muda mfupi, vidole vikakumbuka kazi yake ya zamani. Fundi akampa kona ya kibanda na kompyuta moja kuukuu. Akawa anawaandikia watu kadi za mialiko ya arusi, maombi ya kazi, barua za kupeleka ofisi ya kata. Kona ile ndiyo iliyokuwa ikipika chungu chake.

Sasa watengenezaji wakatangaza mwezi wa kuchangia. Vikundi vya dunia nzima vilitakiwa kutuma taarifa za kasoro ili toleo jipya litoke likiwa safi. Mratibu wao, mama mmoja wa ng'ambo, aliniandikia mimi kwa sababu nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja njia ya Naliendele na Kiingereza changu kilikuwa kinasomeka. Alisema wazi: toleo la Kiswahili halijaletewa lalamiko hata moja tangu litoke. Wenzake wanaamini hakuna anayelitumia. Mwezi ukiisha vivyo hivyo, Kiswahili hakitaingia kwenye toleo jipya. Na hili la zamani tayari lilikuwa linagoma kufungua barua ambazo wateja wa mama mdogo walikuja nazo kutoka maofisini.

Nikawaeleza wote. Nikaeleza tena. Niliandika ubaoni kwa chaki: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Walitikisa vichwa, wakasema naam, tumeelewa. Kisha ustaadhi wa madrasa, kijana msomi kabisa, akaenda akaandika dua ndefu ya kuwaombea watengenezaji afya na uzao mwema. Nilishika kichwa. Jamani! Nawaomba kasoro, wananiletea dua!

Nilimgeukia mama mdogo. "Shikamoo mama mdogo. Wewe unaitumia kutwa nzima, hebu niambie inakusumbua wapi."

"Marahaba mwanangu. Mimi sina neno. Inaniendea vizuri tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, alhamdulillahi."

Mratibu akajibu kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi. Wamefurahi kupata salamu zetu, wamezibandika ukutani. Sasa tafadhali tuwaambie kilichoharibika. Na mwezi ulikuwa unakwisha.

Jumamosi ya mwisho niliwahi kufika, nikasikia sauti kabla sijapiga hodi. Fundi alikuwa anaitukana programu. Si kulalamika, kuitukana! Inakula herufi, inabadilisha tarehe, ukiiambia ichape mbili inachapa moja halafu inasinzia. Ustaadhi alikuwa anaitikia "naam, naam," naye anaongeza ya kwake. Mambo niliyokuwa nikiyaomba mwezi mzima, na jasho la bure limenitoka, yalikuwa yanamwagwa pale kama maji ya kufulia. Nikaingia nikang'aka: "Mbona haya hamkuyaandika?"

"Aa, haya ni ya sisi kwa sisi," akasema fundi bila hata kuona haya. "Wao hawasikii."

Nilitaka kuondoka niwaachie programu yao na dua zao. Nilifika hadi kwa muuza kahawa, nikasimama, nikafikiri. Kumwambia mtoaji usoni hawawezi. Kumsema nyuma ya mgongo wanaweza sana. Haya basi! Nikanunua kahawa na kashata, nikarudi, nikakaa mbele ya kompyuta, nikawaambia leo hatuandiki taarifa yoyote. Leo tunaisengenya programu, na mimi nitakuwa nachapachapa mambo yangu tu.

"Kusengenya ni haramu," akasema ustaadhi.

"Haina roho, ustaadhi. Haina hata mama wa kuhuzunika."

Alitafakari kidogo, akachukua kashata, akaanza. Lo! Midomo ilifunguka. Nilikuwa nafasiri na kuandika mpaka vidole vikauma, huku nina raha na hasira pamoja. Mama mdogo peke yake hakusema. Alikuwa kwenye kona yake, kanga begani, anaandika mwaliko wa mtu, mgongo katupa upande wetu.

Fundi ndiye aliyemchokoza. "Muulize na mama yako mdogo. Umeme ukikatika, kazi yake yote inapotea hata kama ameihifadhi. Ukirudi anakuta ukurasa mtupu. Anaandika upya toka mwanzo, na mteja haambiwi kitu."

Mimi nikageuka. Umeme wa Mtwara wa wakati ule ulikuwa unakatika upendavyo. Kama hiyo ni kweli, ndiyo kasoro kubwa kuliko zote tulizozitaja, na mwenye kuijua alikuwa akiniambia hana neno. "Ni kweli, mama mdogo?"

"Anatia chumvi huyo."

"Mama mdogo, kwa heshima zote. Kiswahili kinaondolewa! Kikiondolewa utafanya nini? Utakaa humu ufanye nini? Mimi nahangaika kwa ajili ya nani, kwa ajili ya ustaadhi?" Sauti ilinipanda, na kumpandishia sauti mama mdogo si jambo la kujivunia, lakini nilikuwa nimefika hapa, shingoni. "Sema tu neno moja, kwamba ni mbovu!"

Aliacha kuandika. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Nilishalisema neno hilo," akasema. "Ofisini. Taipureta ilikuwa inaruka herufi, bosi ananilaumu mimi, nikaenda kumwambia kwa adabu kwamba mashine ni mbovu. Akasema ahsante kwa taarifa. Wiki haikuisha, wakaja watu wakaibeba. Na mimi nikaambiwa sasa mpiga taipu hana mashine, wa nini?" Akakunja kanga yake vizuri begani. "Wewe unadhani nawaonea haya wazungu wako? Mimi naogopa, mwanangu."

Miaka yote nilijua alipunguzwa kama walivyopunguzwa wengine, na hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje. Niliona uchungu, na bado nilikuwa na hasira, ila sasa sikujua nimtupie nani. Mwishowe nikamwambia ukweli niliokuwa nao: safari hii wanaondoa wakidhani hakuna mtu. Akinyamaza, ndiyo wataondoa.

Mama mdogo akasema nimpishe pale nilipoketi, ataandika mwenyewe. Fundi akamsogezea kahawa, akaikataa.

Aliandika kama alivyofundishwa ofisini, mgongo umenyooka, haangalii vidole. Alianza na salamu, wakubwa kwa wadogo. Akawashukuru. Akaomba radhi kwa usumbufu. Mimi nyuma yake nasaga meno, nasema moyoni haya, mama, haya. Ndipo akaandika ya umeme: jinsi anavyohifadhi, jinsi umeme unavyokatika, jinsi anavyokuta ukurasa mtupu. Akafuatisha mistari mingine, akainuka, akarudi kwenye mwaliko wake bila kunitazama.

Nikaketi kufasiri. Mratibu alikuwa ameomba taarifa fupi, yasiwepo mambo yasiyohusu kasoro, kwa hiyo salamu nilizikata, shukrani nikazikata, radhi nikaikata. Nikafika kwenye mistari ya mwisho:

"Tafadhali msiiondoe, itengenezeni. Kasoro ni ya programu. Mimi kazi naiweza."

Haikuwahusu watengenezaji hata kidogo. Nikaifasiri yote, neno kwa neno, nikaituma.