Siku Niliyokataa Kulala Chali

Watu wa Ifakara walinizomea miaka saba, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Kuzomewa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilicheza mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi anapangwa kabla watu hawajaingia uwanjani, na ulingoni mimi ndiye niliyekuwa mtu mbaya. Nilipanda na ngozi ya ng'ombe mgongoni, kengele shingoni, fimbo mkononi, uso umepakwa chokaa na rangi nyekundu. Niliitwa Mfugaji. Mpinzani wangu, Mkulima, alivaa kiroba cha mchele kilichotobolewa pa kutokea kichwa na mikono. Kila onyesho ng'ombe wangu, ambao hawakuwepo, walikula mpunga wake, ambao nao haukuwepo, naye akanipiga mpaka nikalala chali. Refa akahesabu tatu. Watu wakanirushia maganda ya miwa, wakaenda makwao wameridhika.

Ukweli ni kwamba nina ekari mbili za mpunga kijijini Mofu, na mwaka mmoja ng'ombe wa watu waliingia usiku wakala mpaka mashina. Mkulima mwenyewe ni dereva wa bajaji, kazaliwa mjini, na jembe analijua kwa kuliona dukani. Tulipofanya mazoezi juu ya magunia ya pumba, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, jambo hilo lilituchekesha mpaka tukaishiwa nguvu.

Ile ngozi niliitaka mwenyewe, nisimsingizie mtu. Wazazi wangu ni Wasukuma, walikuja bondeni na mifugo kutoka kanda ya ziwa, nami nikazaliwa huku. Shuleni wenzangu walinitania kwa ng'ombe, nikawatania kwa samaki wao wa mtoni, kisha tukagawana muwa mmoja. Nikadhani ulingoni itakuwa hivyohivyo. Nilikosea. Mtani anakutukana nawe unamtukana, na siku ya msiba ndiye anayekuja kukuzika. Ulingoni nilitukanwa mimi peke yangu, na hakuna aliyengoja nijibu.

Hata hivyo nilivumilia, kwa sababu nilijua kuanguka. Watu hudhani kuanguka ni unyonge. Ni ufundi: kidevu kifuani, mikono ipige ubao kabla ya mgongo, pumzi uwe umeshaitoa. Sijaona mtu katika bonde hili anayeanguka kama mimi, na nasema hivyo bila haya.

Msimu mmoja wa mavuno mwandaaji wetu, aliyezoea kutuita "vijana wangu" ingawa alituzidi umri kidogo tu, alitaka mwisho mpya. Nikishahesabiwa, Mkulima anivue ngozi, aniswage kwa magoti na mikono kuzunguka uwanja mpaka getini, na watu wote waimbe, "Rudi kwenu." Nilimwambia hilo sitalifanya. Akasema ni maigizo tu. Nikamuuliza, mama yangu anauza maharage sokoni, je, wale wanaomwamkia shikamoo kila asubuhi, kesho yake watamwamkiaje? Akasema asiyetaka aache.

Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Kuacha ningeweza, mikono yangu inabeba gunia bado. Lakini kuacha pia kulikuwa ni kutoka kupitia lile geti, tofauti ni kwamba ningetoka kimyakimya. Nikaamua kupanda ulingoni.

Katika kazi yetu kubadili mwisho bila kumwambia mwenzako ni kutaka kumvunja shingo. Kwa hiyo asubuhi ya onyesho nilimfuata Mkulima kijiweni, akiwa anafuta kioo cha bajaji.

"Leo silali," nikamwambia.

Alifuta kioo kile muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Kaka, usipolala wewe nitalala mimi? Mimi kuanguka sijui."

"Hakuna atakayelala."

Akakunja kitambaa chake, akasema basi tutasimama.

Jioni ile tulicheza vizuri kuliko siku zote. Ilipofika saa yangu ya kulala, Mkulima aliniinua juu kama kawaida, akanizungusha, kisha akanitua taratibu kwa miguu yangu. Mwandaaji akamkazia macho refa. Refa, maskini, naye ana familia. Akapiga magoti akaanza kupigapiga ubao mtupu pembeni ya viatu vyangu, moja, mbili, tatu, nami nimesimama namtazama. Uwanja ukacheka, na mara hii hawakunicheka mimi.

Mwandaaji akapanda na kipaza sauti, akamtangaza Mkulima mshindi, na wimbo akauanzisha mwenyewe. "Rudi kwenu! Rudi kwenu!" Ningependa kusema watu walikataa. Wengi waliimba. Niliona mtu niliyembebea magunia, nikaona jirani ambaye tulipandikiza naye mpunga, maji yakitufika magotini, na mdomo wake ulikuwa unafunguka pamoja na ya wengine. Iliniuma kuliko kipigo chochote. Machozi yalikuwa karibu, na ngumi pia.

Nilinyoosha mkono, mwandaaji akanipa kipaza sauti bila kubishana, labda akidhani nitakubali kushindwa. Nikangoja mpaka walioimba wakaishiwa.

"Nimesharudi," nikasema. "Kwetu ni Mofu. Anayetaka kunisindikiza aje kesho asubuhi na mundu, mpunga wangu haujavunwa."

Nikashuka, ngozi mgongoni na kengele ikilia, nikatoka nimesimama wima. Kazi nilifukuzwa kabla sijafika getini.

Asubuhi walikuja wanne. Jirani yangu alikuwa wa kwanza, hakunitazama usoni, akainama na kuanza kuvuna. Mkulima alifika mwisho na mundu wa kuazima, nikamwonyesha unavyoshikwa.