Pipa la Buluu

Bibi niliyemtunza kule Riverdale Park alitoka Trinidad, na sebuleni kwake palisimama pipa kubwa la plastiki la buluu. Watu wa kwao hulijaza pipa kama hilo kidogo kidogo, sabuni, mchele, taulo, kisha hulipeleka nyumbani kwa meli kabla ya Krismasi. Lake lilikuwa la kumpelekea dada yake. Ila dada alikuwa amekwisha kufa, na bibi alikuwa ameanza kusahau mambo.

Binti yake akaniagiza: kila Ijumaa, mama akilala mchana, nitoe vitu vyote nivirudishe kabatini, ili Jumatatu apate vya kupakia. Ilinikera sana. Sikuja Marekani kumchezea mama wa watu akili. Lakini nilifanya, na kila Jumatatu alizikunja taulo upya, polepole, akinusa sabuni moja moja.

Ijumaa moja nilikuwa nimeinama, kichwa kimezama ndani ya pipa, nikasikia mkongojo wake nyuma yangu. Nikababaika, eti napanga vizuri.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Najua dada yangu amekufa. Siku nyingine nasahau, siku nyingine nakumbuka. Lakini kila Jumatatu nalikuta pipa tupu, nikajua unampelekea mama yako. Ndiyo maana sichoki kulijaza. Anavipata?"

Mazishi ya mama yangu niliyatazama kwenye simu, mwaka wangu wa kwanza hapa.

"Anavipata, mama," nikamjibu. "Anashukuru sana."